Hati ya mama iliibiwa na wezi. Faili la ofisi ya ardhi limeibiwa na nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mama yangu ana kiwanja kilichopimwa, chenye hati ya miaka 99 kwa jina lake mwenyewe. Wezi walivunja nyumba wakabeba sanduku walilodhani lina pesa, na hati ikaenda humo humo. Ofisi ya ardhi inayohusika siitaji, kwa sababu mama bado yuko mikononi mwao.

Nieleze utaratibu kwanza, maana wengi wanadanganywa. Unaripoti polisi, unapewa taarifa ya upotevu. Unaapa mbele ya wakili kwamba hati hujaiuza, hujaiweka rehani wala hujampa mtu aishike. Unapeleka maombi kwa Msajili wa Hati pamoja na kitambulisho na risiti za kodi ya pango la ardhi, unalipia. Baada ya hapo Msajili, kwa Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura ya 334, anatangaza kwenye Gazeti la Serikali kwamba hati namba fulani imepotea na anakusudia kutoa nyingine, iwapo hakuna kipingamizi ndani ya mwezi mmoja tangu tangazo lilipotoka. Mwezi mmoja! Na Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa.

Tangazo lenyewe silipingi hata kidogo. Kuna wanaume wanaoweka hati rehani kwa mkopeshaji, halafu wanakwenda kuapa kuwa imepotea ili wapate ya pili wauze nyumba. Kuna ndugu wanaokimbilia hati ya marehemu kabla arobaini haijafika. Ule mwezi unampa mwenye haki nafasi ya kujitokeza. Kwa hiyo asije mtu hapa kunieleza kuwa ofisi inachelewesha kwa ajili ya usalama. Usalama umeshawekwa na sheria ndani ya huo mwezi.

Sisi hata kwenye tangazo hatujafika. Tumekwama kwenye "faili halionekani".

Mama akienda anaambiwa, "Mama, faili lako bado linatafutwa, pita wiki ijayo." Akipita wiki ijayo, mhusika yuko semina. Akirudi tena, mtandao uko chini. Yule aliyepokea maombi amehamishwa, na aliyekuja badala yake anataka nakala za kila kitu upya, kiapo kikiwemo. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, anakaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, na saa nane anaambiwa muda wa kuhudumia wateja umekwisha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tuliomba upekuzi rasmi wa kiwanja hicho hicho, tukalipia, majibu yakatoka: mmiliki ni mama, hakuna rehani, hakuna zuio. Majibu hayo waliyatoa wapi kama kumbukumbu hazipo? Na kila mwaka kodi ya pango inapotakiwa, mfumo unatoa namba ya malipo papo hapo, jina la mama limeandikwa sawasawa, namba ya kiwanja na kitalu sawasawa. Wakati wa kumdai mama wanamwona. Wakati wa kumpa haki yake haonekani!

Msajili anatunza daftari kwa sababu hiyo hasa, ili karatasi ya mwananchi ikiungua, ikiibwa au ikiliwa na mchwa, umiliki wake ubaki palepale. Mama amepoteza nakala yake. Kwa nini aadhibiwe kwa uzembe wa anayetunza nakala nyingine?

Kilichonitoa machozi ni getini. Kijana mmoja, kishoka (dalali asiye rasmi) wa pale nje, alinifuata akanitajia jina la mama, mtaa, na kwamba maombi yetu "yamelala kwa fulani". Akasema, "Braza, toa ya kulitoa faili, kesho linaonekana." Habari za ndani za maombi ya mama yangu zimefikaje kwa mtu anayeshinda chini ya mwembe? Sijampa hata shilingi na sitampa. Akishalipwa huyu, mjane atakayefuata atatajiwa bei kubwa zaidi.

Na hasara inaendelea. Mama alitaka mkopo wa benki amalizie vyumba vya kupangisha, ndiyo pensheni yake. Benki inataka hati. Mabati yanaota kutu uani, fundi ameshapata kazi kwingine. Usiku halali, anaogopa hati yake iko mikononi mwa tapeli anayemtafutia kiwanja mnunuzi. Mwenye shida kama hii aombe zuio kwa Msajili mapema, ili kiwanja kisiuzwe, asingoje hati mpya. Sisi tumeomba, na hilo nalo tunalifuatilia.

Ninachotaka si upendeleo. Waandike kwa barua, kwa muhuri na jina la afisa, kwamba faili limepotea, na wafungue faili la muda kwa kutumia kumbukumbu za Msajili. Au watangaze, mwezi uanze kuhesabiwa.

Jumatatu tunapeleka barua kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa, nakala Wizarani, na suala la kishoka nalipeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ya bure ni 113. Mliowahi kupata hati mbadala, semeni faili lenu lilionekana kwa njia gani na nani aliyesaini. Nitaleta mrejesho humu humu.