Naomba ushauri: kiyoyozi cha gari hakitoi tena baridi

Habari zenu wakuu. Ninaishi Moshi, na gari langu la mwaka 2006, linalotumia gesi ya R134a, limeanza kupuliza hewa ya kawaida hata ninapoweka kiyoyozi katika kiwango cha mwisho cha baridi. Mwezi uliopita fundi aliniongezea gesi bila kutafuta mahali inapovuja, nikapata baridi nzuri kwa wiki tatu hivi, kisha hali ikarudi palepale. Kwa sasa nikikiwasha nasikia klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) ikinasa na kuachia kila baada ya sekunde chache, ingawa feni ya mbele inazunguka vizuri. Aidha, kwenye kiungo cha bomba karibu na kondensa (rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari) kuna utando wa mafuta ulioshika vumbi, jambo linalonifanya nishuku kwamba gesi inavujia hapo, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja nayo.

Fundi huyo anasisitiza ninunue kompresa nyingine, ushauri ambao, kusema kweli, unanitia mashaka, maana kompresa iliyokufa isingetoa baridi kwa wiki tatu. Je, ni sahihi kudai kwanza mfumo upimwe uvujaji kwa naitrojeni, oringi (pete za mpira zinazoziba viungo) zibadilishwe, kisha hewa na unyevu vivutwe kwa pampu kabla ya kujaza gesi kwa uzito uliopendekezwa na mtengenezaji? Na nimuulize fundi ana vifaa gani, ili nijue kwamba kazi hiyo anaiweza? Wiki ijayo ninampeleka mama Same, na joto la njia ile mnalijua.