Naogopa kugongana na ndege nyingine angani. Mnaoruka Wilson na Mara, mnafanyaje?

BintiWaNgong

Habari zenu wakuu. Nimepata leseni ya urubani binafsi, na mwezi ujao nataka kumpeleka mama Maasai Mara kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya kukodi kutoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi. Upepo wa ubavuni siuogopi, na injini kuzimika nimeifanyia mazoezi mpaka naiota. Kinachoninyima usingizi ni ndege za wenzangu.

Tangu ile ajali ya tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo ilipogongana na Dash 8, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani, juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, sipandi ndege bila kuwawaza wale wawili, mkufunzi na mwanafunzi wake. Dash 8 ilirudi Wilson ikatua salama na watu wake 44. Wale wawili hawakurudi.

Sitaki tubishane hapa nani alikosea. Nauliza kwa ajili ya kesho. Wilson mnaijua: Caravan (ndege ndogo za abiria) za watalii, helikopta, wanafunzi wanaozunguka kujifunza kutua, ndege za misaada, na JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa, iko palepale jirani. Shuleni tunaambiwa "tazama nje". Nje ni kukubwa. Natazama wapi, na macho yangu niyaamini kiasi gani? Na kile kipokezi cha kubebeka cha ADS-B, yaani ishara ambazo ndege hutuma kutangaza zilipo, kinafaa ninunue? Niambieni mnavyofanya kweli, si mnavyojibu kwenye mtihani.

Kisongo_Charlie

Hongera dada. Mimi niko Arusha, safari zangu nyingi ni za Serengeti.

Anza na hili: ndege mtakayogongana nayo haisogei kwenye kioo chako. Inayokatiza kutoka kushoto kwenda kulia jicho linaidaka upesi, na mara nyingi itapita zake. Lakini mnayekwenda kukutana naye hubaki palepale, nukta ndogo kama mdudu aliyegandamana kwenye kioo, halafu sekunde za mwisho anavimba ghafla. Ukiona nukta isiyohama, usingoje kuitambua ni ndege gani. Geuza.

Piga hesabu. Mkija uso kwa uso, kila mmoja kwa noti 100 (maili za baharini kwa saa), mnakaribiana kwa zaidi ya mita 100 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani huwaambia marubani kwamba tangu kuona, kutambua, kuamua, mpaka ndege yenyewe iitike, zinapita kama sekunde 12.5. Hizo ni karibu kilomita 1.3. Kwa hiyo Cessna inayokuja kwa pua lazima uwe umeiona kabla ya umbali huo, na kwa umbali huo huoni zaidi ya kistari chembamba.

Ndiyo maana kupepesa macho huku na huku hakusaidii. Jicho likiwa mwendoni halioni kitu kidogo. Gawa anga vipande vya nyuzi 10 hivi, tulia kwenye kila kipande angalau sekunde moja, ndipo uhamie kingine. Anga likiwa tupu, macho huvutwa kutazama karibu, mita moja au mbili mbele yako, bila wewe kujua. Kila mara yapeleke kwenye kitu cha mbali, kilima au ukingo wa wingu, kisha urudi kupekua.

Na usogeze kichwa. Ile nguzo kati ya kioo cha mbele na mlango wa 172 inaificha ndege nzima, na kwa kuwa ndege ya hatari haihami kwenye kioo, itabaki nyuma ya nguzo hiyohiyo mpaka mwisho. Inama mbele, rudi nyuma. Kabla ya kukata kona, inua kwanza bawa la upande unaokwenda uchungulie chini yake, kwa sababu ukishalala kwenye kona bawa linaziba kule kule unakoelekea.

MzeeWaMnara

Binti yangu, mimi nilikuwa mwongoza ndege mpaka nilipostaafu. Kisongo amesema vyema kuhusu macho. Mimi nakuongezea mdomo na masikio.

Tarehe 25 Septemba 1978, Boeing 727 iliyokuwa ikishuka kutua San Diego, Marekani, iliifikia Cessna 172 kwa nyuma ikaigonga. Walikufa watu 144, wakiwemo waliokuwa majumbani mwao chini. Marubani wa Boeing walikuwa wameambiwa kuhusu Cessna, na walisema wanaiona. Kisha ikawapotea machoni, na jambo hilo halikufika kwenye mnara wa kuongozea ndege kwa lugha ya wazi. Mwongoza ndege akiambiwa "naiona", mzigo wa kuikwepa umekuwa wako. Ikikupotea, sema hapo hapo: "Nimeipoteza." Hakuna aibu yoyote, na hakuna mwongoza ndege mwenye akili atakayekukaripia kwa hilo.

Huko Mara hakuna mnara. Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, kote mnatangaziana wenyewe kwenye redio, na kuanzia Julai nyumbu wanapovuka mto shughuli zinapamba moto. Taja wewe ni nani, uko umbali gani na upande gani wa kiwanja, futi ngapi, na unataka kufanya nini. "Niko karibu na mto" haimsaidii mtu; mto ule ni mrefu. Halafu nyamaza usikilize, ujichoree picha kichwani: nani yuko wapi, na nani umemsikia mara moja kisha kimya. Huyo wa kimya ndiye wa kumtafuta.

HesabuZaAnga

Kipokezi nunua. Najua wazee watasema kinamfanya rubani atazame tableti badala ya nje, na ni kweli kama umekaa unakikodolea. Ila Caravan inayokufikia kwa nyuma, ikikuzidi mwendo noti 50 au zaidi, utaionaje? Huna macho kisogoni. Kipokezi kinakwambia upande wa kutazama, kazi ya kuiona inabaki yako.

Ila elewa mpaka wake: kinaonyesha wanaotangaza tu, na si kila ndege ndogo inatangaza. Kioo cha tableti kikiwa kitupu, anga halijawa tupu.

Na kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha transponda (kifaa kinachoijibu rada na ndege nyingine) ya hiyo ndege ya kukodi inatuma kimo, na iwashe upande wa ALT, yaani wa kutuma kimo, kabla ya kuruka. TCAS, kifaa cha kuzuia migongano, ya Dash 8 haiwezi kumpa rubani wake amri ya kupanda au kushuka kama haijui uko futi ngapi. Cerritos, California, tarehe 31 Agosti 1986, Piper, ndege ndogo, iligongana na DC-9 ya abiria wakafa watu 82. Transponda ya Piper haikuwa ikituma kimo. Baada ya hapo ndipo Marekani ikazilazimu ndege za abiria kubeba TCAS. Na hata hiyo TCAS, chini ya kama futi 1,000 kutoka ardhini huacha kutoa amri. Yaani karibu na kiwanja, penye msongamano mkubwa zaidi, mnarudi kwenye macho na redio.

Kisongo_Charlie

Hapo sikupingi mkuu. Naongeza la kutua: Piper bawa lake liko chini, Cessna liko juu. Piper ikiwa juu ya Cessna wakati zote zinashuka kutua, kila rubani amefichiwa mwenzake na bawa lake mwenyewe. Dada, usinyooke moja kwa moja kutoka mbali kuja kutua kwenye kiwanja kisicho na mnara. Zunguka kama wenzako, taa ya kutua ikiwaka.

BintiWaNgong

Asanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki. Nikifuata kanuni ya vimo, kwenda magharibi futi elfu shufwa (kama 8) na 500, kurudi mashariki elfu witiri (kama 9) na 500, si nitakuwa nimetengana na wanaokuja mbele yangu? Na mama nimpe kazi gani?

MzeeWaMnara

Kanuni ifuate, lakini ijue. Anayeruka mwelekeo wa dira 010 na anayeruka 170 wote ni wa mashariki, wote wana haki ya kuwa 9,500, na wanakaribia kukutana pua kwa pua. Tena siku hizi GPS inawaweka watu wote kwenye mstari mmoja kati ya Wilson na Mara, kwenda na kurudi. Ruka maili moja kulia kwa mstari huo. Na uwahi kufika kwenye kimo chako, usipande polepole njia nzima.

Kisongo_Charlie

Mama mpe kazi ya macho upande wa kulia, usikoona vizuri. Mwambie akiona kitu anyooshe kidole, asikutajie saa kama sisi marubani tunavyotaja upande kwa uso wa saa, kumi na mbili ikiwa mbele na tatu ikiwa kulia. Kwa saa zetu, saa tatu mshale uko kwenye tisa, yaani kushoto, na wewe rubani utageukia kulia. Mzoeshe mkiwa bado chini, injini haijawaka.