Naomba ushauri: kamera ndogo ya kupigia picha za mtaani hapa Lindi

Mvuvi wa Mwanga (mleta uzi)
Habari za jioni, wakuu. Mimi ni kijana wa Lindi mjini, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikipiga picha za mtaani: wachuuzi wa samaki, mafundi baiskeli, watoto wa madrasa wanaporudi nyumbani, abiria wa Kitunda jioni jua linapozama juu ya maji. Muda wote huo nimetumia kamera ya kuazima, Canon kubwa yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300, ile inayovuta vitu vya mbali, na nimechoka nayo kwa sababu watu wakiiona tu hubadilika sura. Nina shilingi milioni moja na laki tisa, zilizobaki kwenye korosho za msimu uliopita. Natafuta kamera ndogo sana, isiyotoa mlio, inayoingia mfukoni, ambayo mtu hataigundua hata nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Nimeona Ricoh GR III ikisifiwa sana. Je, kwa fedha hizo napata iliyotumika ikiwa nzima, au mna pendekezo jingine? Naomba nijibiwe mapema, kwani sina muda mrefu wa kuamua.

Fundi Lenzi
Ndugu, ujue kwanza unachokinunua. GR III ilitoka mwaka 2019. Ina kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, cha APS-C (kikubwa kuliko cha simu) chenye megapikseli 24, na lenzi isiyobadilishwa ambayo upana wake ni sawa na milimita 28, yaani inaona eneo pana na haivuti vya mbali. Haina tundu la kuchungulia. Unatazama kioo cha nyuma tu, na jua la saa saba mchana litakufundisha maana ya jambo hilo. Betri yake inahesabiwa picha mia mbili hivi, kwa hiyo ukiwa na betri moja tu, umenunua nusu ya kamera.

Utamu wake uko hapa: unaweza kuipangia umbali mapema, tuseme mita mbili, ukafunga mwanya wa lenzi hadi f/8 (namba ya f ikikua, mwanya hupungua), na kila kitu kuanzia kama mita moja mbele yako hadi ng'ambo ya barabara kikatoka kimekaa sawa bila kamera kuhangaika kutafuta fokasi. Hakuna kamera kubwa itakayokushinda mbio hapo. Lakini usijidanganye kwamba lenzi ya milimita 28 ni ya kujificha. Wewe uliyezoea 300 utalazimika kusimama mahali ambapo mwenzako anasikia unavyopumua.

Mama wa Shangani
Mimi si mpiga picha, nauza chakula hapa Mtwara, na nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya neno moja. Mwanangu, umeandika kwamba unataka kamera ambayo mtu "hataigundua". Kwa nini?

Kijana wa Masasi
Nunua simu nzuri, fedha inayobaki ununue pikipiki iliyotumika, uwe unapiga picha ukiwa umeshapita.

Mzee wa Mkanda
Wanangu, hamjambo. Mimi nilikuwa na studio Mtwara tangu miaka ya themanini, wakati ambapo mtu alijua siku atakayopigwa picha kama anavyojua siku ya kupelekwa jando. Kamera yangu ilikuwa Yashica Mat 124G, yenye macho mawili, mkanda mmoja picha kumi na mbili tu. Picha nyeusi na nyeupe nilisafisha mwenyewe chumbani kwa taa nyekundu, lakini mikanda ya rangi ilikwenda Dar es Salaam kwa basi, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi lilitegemea kivuko cha Ndundu. Mvua zikichachamaa, barabara ilikufa, na bwana harusi alikuja kuchukua picha zake mke akiwa tayari ana ujauzito wa miezi mitano.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwa Yashica ile ulishika kamera kifuani, ukainamisha kichwa kutazama kioo kutoka juu, kana kwamba unamwamkia mtu. Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko wa kufungua kibiriti. Nilipiga picha sokoni kwa miaka mingi, wala hakuna aliyenikimbia. Kila mtu aliniona.

Mvuvi wa Mwanga
Ahsanteni sana nyote. Fundi Lenzi, maelezo yako yamenisaidia. Mama wa Shangani, shikamoo. Sababu yangu ni ya kisanaa tu. Mtu akijua kwamba anapigwa picha, hujipanga, huvuta kanga, hutabasamu tabasamu la kitambulisho, na ule ukweli wa mtaani huondoka. Wapiga picha wakubwa duniani wamefanya kazi hivyo. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa, alifunika sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica kwa gundi nyeusi ya utepe ili watu wasiione. Naomba turudi kwenye swali la kamera.

Mama wa Shangani
Marahaba. Hujanijibu bado, mwanangu. Nimekuuliza kwa nini hutaki kuonekana, wewe umenieleza habari za Mfaransa. Na hayo ya kusema huna muda mrefu wa kuamua ni kwa sababu gani? Korosho zimeshauzwa, kamera haziozi.

Fundi Lenzi
Hapo mama ana hoja. Halafu mimi nina hoja ya pili: mtu anayeuliza "Je, kwa fedha hizo napata?" huwa hajui bei. Wewe unaonekana unaijua vizuri sana.

Mvuvi wa Mwanga
Sawa, niseme. Nimekwisha kutoa laki nne za advansi kwa mtu mmoja anayeuza GR III, na amenipa mpaka Jumamosi nimalizie. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilitaka ushauri usioegemea upande wowote.

La pili ni refu kidogo. Miezi mitatu iliyopita nilimpiga picha mama mmoja anayekaanga samaki karibu na ufukwe, nikiwa mbali, kwa ile lenzi ndefu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga: moshi, mafuta yanaruka, uso wake umekunjamana kwa joto. Niliiweka kwenye ukurasa wangu. Watu wakaanza kuandika mambo ya kumdhihaki, kuhusu sura yake na kuhusu nguo aliyokuwa amevaa, mimi nikiwa shambani bila mtandao kwa siku mbili. Niliporudi, mwanawe alikuwa ameshaiona. Tulikaa kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaifuta, nikaomba radhi, na nikaahidi mbele ya mama yangu mzazi kwamba sitapiga picha tena pale sokoni bila kumsalimia mtu kwanza na kumwomba.

Lakini nieleweke. Ahadi ilihusu soko lile. Na tatizo lilikuwa kamera ile kubwa, iliyowafanya watu wadhani mimi ni mwandishi wa habari au mpelelezi. Kwa kamera ndogo lisingetokea.

Kijana wa Masasi
Kwa hiyo mwizi wa kuku anatuomba ushauri wa gunia lisilotoa sauti.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu mleta uzi, nakushauri kwa upole. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu inayotambulika si kitu cha kuchezea kwa kuwa tu amesimama barabarani. Sisemi kwamba kila picha ya mtaani ni kosa. Nasema kwamba kupiga ni jambo moja na kuchapisha ni jambo jingine, na wewe uliponzwa na hilo la pili, ambalo ukubwa wa kamera hauligusi hata kidogo. Picha ile ingepigwa kwa kamera ya ukubwa wa punje ya korosho, mwanawe angeiona vilevile.

Niongeze kwamba kamera iliyofichwa ikigunduliwa huleta balaa kubwa kuliko iliyo wazi. Mimi mwenyewe mwaka fulani nilipiga picha ya machweo karibu na eneo moja lenye ulinzi, kwa kikamera kidogo nilichokuwa nimekifumbata mkononi, nikakaa kwenye benchi kwa saa nne nikieleza kwamba nilikuwa nalipenda anga. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuuliza: kama uliipenda anga, mbona uliificha kamera?

Mama wa Shangani
Ahsante mwalimu. Mwanangu, nikueleze upande wa huku kwenye karai. Mimi nikiwa nakaanga, uso wangu ni wa kazi. Ukija ukasema "Mama, habari za kazi, nikupige picha?", kwanza nitakataa, halafu nitacheka, halafu nitakuuliza utanipa nini, halafu nitaendelea na samaki wangu kwa sababu mafuta hayasubiri. Ukikaa dakika kumi nitakuwa nimekusahau. Hapo uso unaoutaka utarudi wenyewe. Umeshindwa dakika kumi, uko tayari kutoa milioni moja na laki tisa.

Mzee wa Mkanda
Na huyo Mfaransa mnayemtaja, alipendelea lenzi ya milimita 50. Kwa lenzi hiyo unakuwa hatua chache tu kutoka kwa mtu. Gundi nyeusi haikumfanya awe jini.

Mwenyeji wa Mikindani
Wakuu, samahani kwa kuingilia. Nimeusoma uzi huu mara mbili na naona tunanyweshwa chai, tena ya maziwa. Mleta uzi anasema ni mtu wa Lindi mjini. Katika ujumbe wa kwanza kabisa ameandika "jua linapozama juu ya maji". Nimeishi Lindi miaka sita. Bahari iko mashariki! Pale jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya vilima, upande wa nchi kavu. Mtu aliyezaliwa Lindi hawezi kukosea hilo hata akiwa usingizini. Huyu ama yuko Dar es Salaam anatunga hadithi ya mama wa samaki ili tugombane, ama ndiye muuzaji wa hiyo Ricoh anayepima soko.

Kijana wa Masasi
Mimi nilishaanza kumhurumia mama wa samaki. Nirudishieni huruma yangu.

Mwalimu Mstaafu
Hoja ya jua ni nzito. Mleta uzi ajibu.

Mvuvi wa Mwanga
Ndugu wa Mikindani, umesoma kwa makini, ila hukusoma neno lililotangulia. Niliandika "abiria wa Kitunda". Kitunda iko ng'ambo ya maji, upande wa pili wa mji. Ukisimama Kitunda jioni ukasubiri kivuko cha kurudi, unautazama mji wa Lindi upande wa magharibi. Maji yako mbele yako, na jua linashukia nyuma ya mji. Mwanga wote unalala juu ya maji, na abiria wanakuwa vivuli vyeusi. Kwa miaka sita hukuwahi kuvuka?

Mwenyeji wa Mikindani
Nilivuka mara mbili, asubuhi. Nimekubali kuhusu jua. Kuhusu kwamba wewe si muuzaji, bado nakuangalia.

Mama wa Shangani
Basi kama ni kweli, swali langu limepata mguu wa pili. Umeahidi kuhusu sokoni, halafu umehamia kivukoni. Hao wanaopanda kivuko jioni si ndio hao hao waliokuwa wanauza samaki mchana?

Fundi Lenzi
Hilo mama atamalizana naye mwenyewe. Mimi nabaki na Jumamosi. Ndugu, kabla hujamalizia fedha, fanya hivi. Lenzi ya GR III hutoka na kuingia kila unapowasha na kuzima, na katika kuingia huvuta vumbi, ambalo hutua kwenye kihisi. Kamera yenye lenzi za kubadilisha unaifungua ukapuliza. Hii haifunguki bila bisibisi na fundi anayejua anachokifanya. Vilevile haikuzibwa dhidi ya maji wala vumbi, na wewe unaitaka kwa ajili ya ufukwe wenye chumvi. Kwa hiyo weka f/16, kwa kuwa mwanya mdogo ndio unaoonyesha vumbi, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha na uitazame kona kwa kona. Ukiona madoa ya kijivu, omba advansi yako.

Kama ningekuwa wewe ningetafuta Canon EOS M100, ya mwaka 2017, pamoja na lenzi ya milimita 22 yenye f/2, ambayo kwa upana ni sawa na 35. Canon wameshaachana na mfumo huo, na ndiyo sababu iliyotumika hupatikana kwa bei ya huruma. Nayo haina tundu la kuchungulia, lakini kioo chake kinainuka juu, kwa hiyo unaishika kifuani na kuinamisha kichwa kama Mzee wa Mkanda na Yashica yake. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ni nzuri kuliko zote hizi, ila kwa bajeti yako itabaki kwenye picha.

Mzee wa Mkanda
Kumbe wamerudi nyumbani.

Mvuvi wa Mwanga
Nimerejea, wakuu. Nilikwenda kwa muuzaji jana, siku moja kabla. Nilipiga ukuta uliopakwa chokaa kwa f/16, nikaona madoa matatu, yote juu upande wa kulia. Muuzaji akasema ni uchafu wa ukuta. Nikapiga ukuta mwingine, kisha mbingu, na madoa yalikuwa pale pale. Hakubishana tena. Amekubali kunirudishia laki tatu, na laki moja anasema ni ya usumbufu wa kuniwekea bidhaa. Nimeipokea hiyo tatu. Kuhusu M100, nimemtuma binamu aulizie Kariakoo. Bado nasisitiza kwamba ndogo ni bora kuliko kubwa.

Mama wa Shangani, swali lako nimeliona. Jumapili navuka kwenda Kitunda bila kamera.

Mama wa Shangani
Chukua na nauli ya kurudi.

Mwenyeji wa Mikindani
Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo. Hiyo GR yenye madoa matatu, muuzaji anaiuza sasa kwa kiasi gani? Mimi hupiga zaidi usiku kwa f/2.8, na kwa mwanya huo mpana madoa hayaonekani. Niandikie faragha.