Tupeane uzoefu: ulimi uliogharimu, na sikio lililookoa

Mtoto wa Majengo:
Wakuu, habari za Jumapili. Juzi tulikuwa Machame kupeleka posa, mimi nikiwa upande wa kijana. Mshenga tuliyemkabidhi maneno anaijua kazi. Shida ilianzia kwa mjomba. Wazee wa kule wametulia na mbege yao, pombe ya ndizi, kata ya kunywea inazunguka, mjomba akaanza kumwaga sera: kijana wetu ana Fuso mbili, ana kiwanja Njiro, kazini bila yeye hakuendi. Baba mkubwa wa binti hakubisha hata neno moja. Kila mjomba akivuta pumzi, mzee anamwambia, "Ehee, baba, na hizo Fuso zinabeba nini?" Mjomba anaongeza. Mshenga akamkanyaga chini ya meza, mjomba akauliza kwa sauti, "Sasa mbona unanikanyaga?"

Karatasi ya mahari ilipokuja, blanketi la bibi na mbuzi vilikuwepo kama kawaida. Ile fedha taslimu ya chini yake ndiyo iliyotufanya turudi Moshi bila kusemeshana kwenye Noah. Na Fuso zenyewe bado zina mkopo!

Leteni visa. Hasa vya waliosikiliza, maana wapayukaji kila ukoo unao.

Spana 14:
Nipo gereji Unga Limited, Arusha. Kuna mteja alikuja na hukumu mkononi: giaboksi imekufa, kaambiwa na rafiki yake, anataka ishushwe. Bosi akazima redio, akamwomba wazunguke na gari kidogo bila maongezi. Mteja hakuweza, ikabidi warudie mzunguko. Mara ya pili ndiyo mvumo ukasikika vizuri: ukikata kona ya kushoto unazidi, ukikata kulia unapungua, na ukiweka gia huru bado upo. Beringi ya tairi la mbele kulia. Ilibadilishwa siku hiyohiyo, giaboksi haikuguswa.

Mgumu wa Marangu:
Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na mlimani wapagazi tunaitwa wagumu. Tulikuwa na mgeni mcheshi sana, anaongea tangu getini, na kila akiulizwa hali anajibu yuko safi. Jioni tumefika kambi ya Kibo Hut, watu wanajiandaa kuondoka usiku kwenda kileleni. Mwongozaji wetu mkuu ana tabia moja: kabla ya kuwauliza wageni, anatuuliza sisi. Nani amekula, nani ameacha chakula, nani kajikwaa njiani.

Kijana mdogo kuliko wote, ndiyo kwanza anaanza kazi, akasema kwa aibu, "Yule wa koti jekundu amerudisha supu yote. Na akitoka chooni anapepesuka." Wenzetu wakacheka, wakasema ni uchovu tu. Mwongozaji hakucheka. Akamfuata mgeni, na wala hakumuuliza tena anajisikiaje. Akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hakufikisha hatua nne.

Kupepesuka namna ile kule juu ni dalili ya ubongo kuanza kuvimba kwa uhaba wa oksijeni, na tiba ya kwanza ni kushuka, si kusubiri kukuche. Walimteremsha usiku uleule kwenda Horombo, mita 3,720, yaani karibu mita 1,000 chini ya pale tulipokuwa. Asubuhi anatembea mwenyewe. Kilele kiko mita 5,895, fikiria angeambiwa "jikaze tu."

Nimefanya kazi pia na waongozaji ambao mgumu akiwaambia kitu wanamjibu, "Kwani wewe umesomea?"

Zambarau:
Kwetu mabroka wa tanzanite, mteja anayeingia akitaja madaraja na bei za mtandaoni tunapeana jicho. Huyo ndiye anayeuziwa chupa badala ya jiwe. Mimi nilianza kwa kuwaletea wazee chai. Niliona jiwe likiwa vidoleni hawaongei, wanaligeuza tu kwenye mwanga. Tanzanite ukiligeuza, upande huu buluu, upande ule zambarau. Chupa rangi ni ileile. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha.

Mama Wawili:
Mimi nina wasiwasi na hizi sifa za kukaa kimya. Kwenye kikoba chetu hapa Moshi tulikuwa wasikivu kweli: mwenyekiti anasoma mahesabu, sisi makofi. Wengi tulinyamaza kwa kuogopa kuonekana wakorofi, tusidanganyane.

Kulikuwa na mama muuza ndizi wa Mbuyuni, hajawahi kuchangia hoja. Siku moja akanyoosha mkono: "Samahani mwenyekiti, faini za mwezi wa tatu ulizosoma kikao kile, leo sijazisikia. Ziko ukurasa gani?" Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza namba, sisi tulikuwa tunasikiliza sauti. Daftari likapekuliwa, ukurasa haukuwepo. Hela zilirudi kwa awamu, na daftari sasa analishika yeye.