Hilux ya 1KD, ya 1GD au mpya ya 48V: ipi itavumilia safari fupi za mzigo?

Nyundo_Mbeya
Wakuu, natafuta Hilux dabo kebini ya kazi hapa Mbeya. Mzigo ni saruji na nondo, kilo 700 hadi 900, kutoka stoo mpaka saiti: kilomita 5 hadi 8 kwa safari, mara nane au kumi kwa siku. Dar ni mara moja kwa mwezi. Nimeona tatu: ya 2014 yenye injini ya dizeli ya 1KD (3.0 D-4D), km 190,000, ya 2018 yenye 1GD (2.8) iliyotoka Australia, km 120,000, na mpya ya 48V wanayoiita hybrid. Mafundi wananiambia injini mpya ni kompyuta tupu. Ni kweli zinakufa mapema, au ni maneno ya gereji?

Spana17
Mkuu, chuma cha 1GD chenyewe hakina neno. Kinatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na ukikipa oili safi kwa wakati kinakwenda mbali. Shida ni hiyo ya Australia kuwa na DPF, kichujio cha masizi kwenye eksozi. Safari zako ndizo DPF inazozichukia kuliko zote.

Masizi yakijaa, sensa ya presha yenye mipira miwili midogo inaiarifu kompyuta, nayo inaamuru yachomwe. Kwenye GD kuna injekta ya tano iliyofungwa kwenye eksozi. Inamwaga dizeli mbele ya katalisti (kifaa cha eksozi kinachosafisha moshi), joto ndani ya DPF linapanda hadi karibu nyuzi 600, masizi yanaungua. Kazi hiyo inataka kama dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Wewe kwa km 6 umeshafika na umezima. Ukiikatiza mara kwa mara taa inawaka, ukipuuza taa gari linanyimwa nguvu.

Hata wenye barabara ndefu hawakupona. Kesi ya Hilux, Fortuner na Prado za huko za Oktoba 2015 hadi Aprili 2020, zaidi ya magari 264,000, ilifika Mahakama ya Shirikisho ya Australia, na mwaka 2022 ikaamuliwa kuwa mfumo wa DPF ulikuwa na kasoro. Injekta ya tano ilikuwa inaziba, uso wa katalisti unafunikwa na uchafu, gari linatoa wingu la moshi mweupe. Tangu 2018 yalianza kuwekewa swichi ya kuchoma masizi kwa amri ya dereva. Gari lisilo na swichi hiyo, kwa kazi yako, mimi nisingeligusa.

Oili nayo iwe ya majivu machache, daraja la ACEA C2 (limeandikwa kwenye kopo), kama lita 7 na nusu pamoja na filta. Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Yakishajaa, DPF inafunguliwa na kusafishwa au inanunuliwa nyingine.

Beringi_na_Bushi
Kuhusu DPF sina ubishi, ila msimuuzie 1KD kama malaika. Nayo ni komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote), nayo ina kompyuta.

Ugonjwa wake ni washa za shaba chini ya injekta. Zikivuja, gesi ya mlipuko inapanda ndani ya kava la vali na kuingiza masizi kwenye oili. Oili inakuwa kama lami, wavu wa kufyonzea kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) unaziba, presha inashuka, beringi za kranki zinaliwa. Mwenye gari anasema "injini imekufa ghafla". Hakuna ghafla hapo, ilikuwa inakufa tangu washa ya kwanza ilipovuja.

Kwa km 190,000 fanya hivi kabla ya kulipa. Shusha sampu uangalie wavu kwa macho yako. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama, soma kwa mashine fidia ya kila injekta, yaani dizeli ambayo kompyuta inaiongezea au kuipunguzia. Inayovuka 3 juu au chini ya sifuri ianze kutiliwa shaka. Injekta zikitolewa kwa sababu yoyote, washa ni mpya, na mahali inapokaa panasafishwa mpaka pang'ae. Washa ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzima. Injekta mpya ina namba yake ya fidia ya kuingizwa kwenye kompyuta. Fundi asiyejua hilo atakuachia gari linalogonga. Uliza pia risiti ya mkanda wa taiming. Kama hakuna, hesabu kuwa haujabadilishwa.

Dizeli_Safi
Mmesahau petroli. 2TR-FE ya 2.7 ina cheni, injekta za presha ndogo, haina turbo wala DPF. Kwa km 6 za mjini ndiyo inayoteseka kidogo kuliko zote. Itakunywa, labda lita 13 hadi 15 kwa km 100 ukipakia, na mlima ukirudi kutoka Dar utausikia. Linganisha hesabu hiyo na bei ya seti moja ya injekta.

Nyundo_Mbeya
Petroli sikuifikiria, nitaipigia hesabu. Na ile ya 48V?

Spana17
Neno hybrid lisikutishe. Injini ni ileile 1GD. Wameongeza betri ya lithiamu ya kilo 7.6 chini ya kiti cha nyuma na mota ya kW 12 inayosaidia kwa mkanda, Nm 65 tu. Gari likisimama, mizunguko inashuka kutoka 720 hadi 600. Haiendeshi gari peke yake. Kipya cha kuogopa ni kwamba hakuna altaneta ya kawaida: betri ya volti 12 inachajiwa kupitia kibadili umeme cha 48V. Kikifa porini, fundi wa altaneta hana la kukusaidia. Muulize muuzaji mambo mawili, kama spea hiyo ipo nchini na kama gari lenyewe lina DPF. Kuna za soko la Afrika zisizo nayo.

Beringi_na_Bushi
Na akija mtu na ya Japani, GUN125 ya 2.4, ina DPF na tanki la AdBlue (maji ya urea ya kusafisha moshi) juu yake. Inama chini ya gari uangalie, usisome tangazo tu. Ukikuta DPF imekatwa na kuchomelewa, uliza nani aliandika upya programu ya kompyuta. Kama hakuna aliyeandika, taa ya DPF haitazimika.