Ad-Diba, Saleh Selim au El-Gohary: nani straika hatari zaidi wa Misri ya enzi zile?

Mzee_wa_Kijiwe
Wakuu, jana kijiweni kahawa imepoa vikombeni watu wakibishana. Kijana mmoja anasema kabla ya Salah, Misri haikuwa na mshambuliaji wa maana. Nikamtajia Ad-Diba, akaniuliza, "Hiyo ni timu?"

Jina kamili Mohamed Diab El-Attar, wa Al Ittihad ya Alexandria. AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya kwanza kabisa, Khartoum, Februari 1957: nusu fainali Misri 2, Sudan 1, na la ushindi kafunga yeye. Fainali Misri 4, Ethiopia 0. Yote manne yake! Mawili kayatia kabla hata dakika ya kumi haijafika. Kina Eto'o na Drogba wamekuja na wamestaafu, na hakuna aliyefunga manne kwenye fainali ya AFCON mpaka leo.

Mimi kura yangu hiyo. Lete yako.

Koplo_Tanga
Mzee, punguza sukari. Michuano ile ilikuwa na timu tatu tu. Afrika Kusini walitolewa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, kwa hiyo Ethiopia waliingia fainali bila kugusa mpira. Misri kacheza mechi mbili, kabeba kombe. Na kama ni kuwatandika Ethiopia, Pokou wa Ivory Coast aliwapiga matano mwaka 1970.

Mzee_wa_Kijiwe
Ya Pokou ilikuwa hatua ya makundi. Usinichanganyie.

Binti_Pwani
Mimi Saleh Selim, sina mjadala. Ahly, klabu hii ya Cairo inayotutoa jasho kwa Mkapa, yeye ndiye uso wao. Alifunga, akachukua AFCON ya 1959, akaenda Austria kuchezea Grazer AK wakati ambao Mwafrika kucheza Ulaya halikuwa jambo la kila siku. Akaigiza sinema na Faten Hamama (sura ilikuwepo, tuseme ukweli). Kisha akarudi kuwa mwenyekiti wa klabu, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ilipoitangaza Ahly klabu ya karne Afrika, kiti bado ni chake.

Koplo_Tanga
Sinema inaingiaje kwenye mabao, dada?

Nakuru_Mkongwe
Mnamsahau Mahmoud El-Gohary. Mfungaji bora wa AFCON 1959 pale Cairo, mabao matatu, na yote kawafunga Ethiopia, maskini. Goti ndilo lililomkatiza mapema. Lakini angalia alichofanya baadaye: kaipeleka Misri Kombe la Dunia 1990 kama kocha, wakatoka sare 1-1 na Uholanzi ya Gullit na Van Basten. Halafu 1998 kule Burkina Faso akatwaa AFCON, mtu wa kwanza kuichukua akiwa mchezaji na tena akiwa kocha. Fainali aliwafunga nani? Afrika Kusini, wale wale waliofungiwa mlango 1957.

Mzee_wa_Kijiwe
Hiyo ya Afrika Kusini sikuwahi kuiunganisha, asante. Ila nimeuliza straika, sio kocha. Ukimvua El-Gohary suti ya ukocha anabaki na nini? Miaka michache na goti bovu.

Mwana_Lubumbashi
Ndugu zangu, huku kwetu Ad-Diba hatumjui kwa mabao. Tunamjua kwa filimbi. Fainali ya 1968 Addis Ababa, Kongo-Kinshasa 1, Ghana 0, goli la Kalala: refa alikuwa yeye. Alicheza fainali akaishinda, halafu akaja kuichezesha nyingine.

Koplo_Tanga
Subiri. Addis Ababa? Yaani aliwafunga watu manne, miaka kumi na moja baadaye akaenda nyumbani kwao na filimbi mdomoni?

Mwana_Lubumbashi
Ndiyo. Na wenyeji tulishawatoa sisi nusu fainali, 3-2.

Koplo_Tanga
Ningekuwa Mwethiopia pale jukwaani ningemzomea yeye kwanza, mpira ningeuangalia baadaye. Haya Mzee, kura yangu chukua.

Binti_Pwani
Mimi bado na Selim wangu.

Mzee_wa_Kijiwe
Baki naye. Mimi hii ya filimbi naipeleka kijiweni jioni, na yule kijana leo kahawa analipa yeye.