Wifi yangu ana VVU: je, mwanangu akila naye sahani moja ataambukizwa?

MamaChausiku: Habari zenu wapendwa. Wifi yangu amehamia kwetu baada ya kuugua. Alipima akakutwa na VVU, na yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza. Tangu hapo mama mkwe amemtengea sahani, kikombe na kijiko, na choo anakipiga dawa kila binti yake akitoka. Nampenda wifi na roho inaniuma. Lakini nina mtoto wa miaka miwili asiyebanduka kwa shangazi yake: wanakula pamoja, anambusu, wanalala kitanda kimoja. Usiku nikisikia mbu nawaza, je, akimuuma yeye kisha akamgeukia mwanangu? Naombeni ukweli, msinipe maneno ya kunituliza tu.

MuuguziWaZamu: Mama, mwache mtoto ale na shangazi yake. Nahudumia watu wenye VVU kila siku, nawashika mkono na kula nao.

VVU hupita kwa ngono bila kinga, kwa damu kuingia mwilini mwa mwingine, kama kwenye kuchangia sindano, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Mate, jasho na machozi haviambukizi. Kirusi hiki hakizaliani nje ya chembe hai za binadamu. Kwenye kijiko au sinki la choo hakina pa kuzaliana, kinadhoofika na kufa.

Mbu naye akikuuma anakutemea mate yake, hakurudishii damu aliyoinyonya kwa mwingine. VVU ndani ya mbu haviongezeki, vinasagwa kama chakula.

Jambo hili lilichunguzwa zamani, hata kabla hakujawa na dawa. Mwaka 1986 madaktari wa New York walitoa matokeo ya kuwapima watu 101 walioishi nyumba moja na wagonjwa wa UKIMWI, wakitumia nao vyombo, vyoo, hata vitanda. Aliyekutwa na maambukizi ni mtoto mmoja tu, na inaelekea aliyapata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Msomee mama mkwe hiyo.

Hata sindano yenye damu ya mwenye VVU ikimchoma mhudumu wa afya, wanaoambukizwa ni takriban 3 katika kila 1,000. Sasa sahani ya wali itafanya nini?

NipoNaishi: Mimi ninaishi na VVU. Dada yangu, virusi nimevizoea, dawa nameza na maisha yanaenda. Kikombe kilichotengwa ndicho kinachonitoa machozi mpaka leo. Mtu akitengwa huanza kuficha dawa, akificha huruka dozi, na hapo ndipo anapoumwa kweli. Mkumbusheni wifi saa ya kumeza ARV. Akizitumia vizuri, virusi hushuka hadi kipimo kisivione, na akifika hapo na kubaki hapo hata mwenzi wake hamwambukizi kwa ngono.

FundiMaabara: Naongeza moja, maana watu huchanganya. Homa ya ini B ina kirusi kigumu zaidi, kinaweza kudumu nje ya mwili kwa angalau siku 7. Nacho pia hakienezwi kwa kula pamoja wala kukumbatiana, na kina chanjo. Hakikisha mtoto amemaliza zake.

MamaChausiku: Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Na vipi mashine ya kukatia kucha? Wifi ndiye anayemkata mtoto.

MuuguziWaZamu: Aendelee kumkata, ila mtoto awe na yake. Wembe na mswaki pia kila mtu na chake, kwa familia yoyote, awepo mwenye VVU au asiwepo. Asimtafunie chakula mdomoni, kwa kuwa fizi huweza kutoa damu. Kuna watoto wachache waliowahi kuambukizwa hivyo. Akijikata, afunge kidonda, na wewe ukisafisha damu vaa glavu. Kumbusu, kumbeba, kumwogesha, kulala naye: ruksa. Na ile sahani ya peke yake irudisheni kabatini na zingine leo hii.